Mafuta na misuli mtu anapozeeka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi ya fiziotherapia, na wengi wanaoletwa kwangu wamevuka miaka 55. Wanakuja kwa sababu ya magoti, kiuno, kisukari, au wameanguka bafuni. Wengi ni wanene, na wao pamoja na ndugu waliowasindikiza hushangaa ninaposema kwamba kilichopungua ni misuli. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kliniki, kwenye simu, na hata msibani.

Mama yangu ana kilo 92. Mtu mwenye mwili huo anaambiwaje hana misuli?

Mizani hupima vyote kwa pamoja: mifupa, maji, mafuta na misuli. Mtu anaweza kupoteza kilo 5 za misuli, akaongeza kilo 5 za mafuta, na mshale wa mizani usisogee. Kipimo cha BMI nacho hakioni tofauti, kwa sababu kinatumia uzito na urefu tu.

Kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi. Macho yetu yamezoea kuutafuta ugonjwa kwenye kukonda. Mtu akipungua, simu zinapigwa ukoo mzima. Akinenepa, anaambiwa amenawiri. Kwa hiyo mzee aliyekonda huulizwa mapema kama anakula vizuri, lakini mzee mnene anayeshindwa kuinuka mkekani husemwa ni uzito na umri, basi.

Nilimpokea mama wa miaka 67, muuza vitenge. Nilimwomba aketi kwenye kiti cha mbao kisicho na pa kuegemeza mikono, akunje mikono kifuani, kisha asimame. Aliinama mbele, akajisukuma, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi chini. Mara ya tatu alishika meza yangu. Mapaja yake yalikuwa yamejaa kiti kizima, lakini nguvu ya kumwinua haikuwamo. Alikuwa ameanza kuswali kitini tangu miaka miwili nyuma, akiamini tatizo ni magoti.

Hali hiyo ina jina?

Kupungua kwa misuli na nguvu zake kwa sababu ya umri kunaitwa sakopenia. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1989 na Irwin Rosenberg wa Marekani, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, nyama na upungufu. Kabla ya hapo watu walisema ni uzee. Marekani iliipa namba yake katika orodha ya magonjwa mwaka 2016 tu, na mpaka leo ni nadra kuiona imeandikwa kwenye kadi ya mgonjwa. Ikikutana na mafuta mengi mwilini, huitwa unene wenye sakopenia.

Misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30, kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, na kasi huongezeka baada ya 60. Nguvu hushuka haraka kuliko ukubwa. Katika utafiti mkubwa wa wazee wa miaka 70 hadi 79 wa Pittsburgh na Memphis, Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka 3, nguvu ya miguu ilipungua mara tatu hivi ya kiasi cha nyama iliyopotea. Hata wale ambao nyama ya miguu yao haikupungua, nguvu ilipungua. Ina maana msuli unaweza kubaki na unene wake huku ndani umeharibika.

Lakini mafuta si akiba tu, yamekaa kimya?

Ndivyo wataalamu wenyewe walivyodhani kwa muda mrefu. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua leptini, homoni inayotengenezwa na mafuta kuuambia ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Tangu hapo mafuta yanahesabiwa kuwa kiungo kamili kama ini. Yanatuma habari kwenye damu usiku na mchana, na misuli ni miongoni mwa wanaozipokea.

Basi yanaidhuru vipi misuli?

Seli ya mafuta hutanuka. Ikijaa kupita kiasi, oksijeni haiifikii vizuri, inaanza kuumia, na mwili unatuma seli za kinga kwenda kusafisha. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba mafuta ya mwili mnene huwa yamejaa seli hizo, zinazoitwa makrofeji. Miaka 10 kabla yake, mwaka 1993, Gökhan Hotamisligil na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba mafuta ya wanyama wanene hutoa TNF-alfa, kemikali ya mchochota, na kwamba kemikali hiyo huifanya insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, ishindwe kufanya kazi.

Mchochota wa kidonda tunaujua: panakuwa pekundu, panauma, panapona. Huu wa mafuta hauna kidonda wala maumivu. Unafuka kama moto wa makumbi, miaka na miaka, na moshi wake unafika kila mahali damu inapofika. Kwenye misuli unaongeza uvunjaji wa protini na kuufanya msuli usiisikie insulini. Wengi wanaijua insulini kwa sukari tu, lakini ndiyo pia inayozuia protini ya misuli isivunjwe ovyo. Msuli usioisikia insulini unapoteza chakula na mlinzi kwa wakati mmoja.

Halafu mafuta yenyewe huhamia ndani ya misuli. Nenda buchani utazame paja la ng'ombe aliyetembea malishoni, kisha nyama ya ng'ombe aliyenenepeshwa zizini. Ya kwanza ni nyekundu tupu. Ya pili ina michirizi myeupe kati ya nyuzi. Picha ya CT ya paja la mtu mnene aliyekaa muda mrefu bila kazi inaonyesha michirizi hiyohiyo. Mafuta yanapojaa ndani ya nyuzi, mabaki yake kama keramidi huziba njia ambayo insulini hupitishia ujumbe. Jambo la kutia moyo ni kwamba wanariadha wa mbio ndefu nao wana mafuta ndani ya nyuzi zao, tena mengi, na insulini yao inafanya kazi vizuri sana. Wao huyatumia leo na kuyajaza kesho. Yanayodhuru ni yale yaliyotuama.

Juu ya hayo yote, msuli wa mzee ni mzito wa kusikia. Sahani ileile ya samaki inayomjengea kijana misuli humjengea mzee kidogo, na mafuta mengi mwilini yanazidisha uziwi huo.

Kwani mtu mnene habebi mzigo kila siku? Si mazoezi hayo?

Ni kweli, na ndiyo maana kijana mnene mara nyingi ana mashavu ya miguu manene na misuli mingi kuliko mwembamba wa umri wake. Shida ni kwamba kila kilo ya msuli huo hutoa nguvu kidogo kuliko inavyopaswa, na umri unavyokwenda, mzigo unabaki au unaongezeka huku mbebaji akipungua. Magoti yanauma, mtu anakaa zaidi, na kukaa kunamaliza kile kilichobaki.

Na misuli, inayafanyia nini mafuta?

Misuli ni kati ya theluthi moja na asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima mwenye afya, na ndiyo inayopokea karibu asilimia 80 ya sukari ambayo insulini huiondoa kwenye damu. Ghala hilo likipungua, sukari inabaki nje, kongosho linamwaga insulini zaidi, na insulini nyingi inausukuma mwili kuweka akiba ya mafuta. Hapo duara linafungwa: mafuta yanadhoofisha misuli, misuli dhaifu inaongeza mafuta.

Lakini misuli nayo inatuma habari. Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen, Denmark, waliona kwamba msuli unaofanya kazi hutoa kwenye damu kemikali iitwayo IL-6, na mwaka 2003 wakapendekeza jina la miokini kwa kemikali zote za aina hiyo. Jambo hili liliwachanganya watu, kwa sababu IL-6 ni ileile inayotolewa na mafuta yenye mchochota. Inakuwaje kitu kimoja kiwe dawa na sumu?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. IL-6 ya mazoezi ni mgeni wa siku mbili: inapanda kwa kasi wakati msuli unafanya kazi, inachochea mafuta yatoke ghalani, inaita kemikali nyingine za kupoza mchochota, kisha inashuka ndani ya saa chache. IL-6 ya mafuta haiondoki. Inakaa kwa kiwango cha chini mwaka mzima, na kukaa huko ndiko kunakoumiza.

Utafiti mwingine wa Copenhagen, uliochapishwa mwaka 2019, ulilionyesha hili vizuri. Watu wenye vitambi waliendesha baiskeli za mazoezi kwa wiki 12. Waliopewa dawa ya kulinganishia, isiyo na kitu ndani, walipungua mafuta ya ndani ya tumbo. Waliopewa tosilizumabu, dawa inayozuia IL-6, walifanya mazoezi yaleyale na mafuta hayo hayakupungua. Nikiwaeleza wagonjwa wangu jambo hili, huwa naona wanayatazama mapaja yao kwa namna nyingine.

Ni kweli misuli huchoma mafuta hata ukiwa umelala?

Kidogo sana. Kilo moja ya msuli uliotulia hutumia kalori 13 hivi kwa siku, wakati kilo ya mafuta hutumia 4 au 5. Wauzaji wa programu za mazoezi wamelikuza mno jambo hili. Faida ya misuli ni kuitumia: kutembea, kupanda ngazi, kuhifadhi sukari, kutodondoka.

Mafuta ya makalio na mapaja yana madhara sawa na kitambi?

Hapana. Mafuta ya chini ya ngozi kwenye nyonga na mapaja yametulia zaidi, na kwa kiasi fulani ni kinga, kwa sababu yanahifadhi kile ambacho kingekwenda kwenye ini na misuli. Ya ndani ya tumbo ndiyo yenye mchochota. Baada ya hedhi kukoma, mwanamke huanza kuweka mafuta tumboni zaidi kuliko nyonga, na wakati huohuo misuli yake inapungua kwa kasi. Ndiyo maana nawahimiza sana akina mama wa miaka 50.

Nitajuaje nyumbani, bila mashine?

Chukua kiti imara kisicho na pa kuegemeza mikono, kiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani, simama wima na kuketi mara 5 mfululizo, mtu akikupimia muda kwa simu. Miongozo ya Ulaya inasema ukizidi sekunde 15 una dalili ya udhaifu wa misuli. Ya Asia inaanza kwenye sekunde 12. Tembea pia mita 4 kwa mwendo wako wa kawaida: ukitumia sekunde 5 au zaidi, mwendo wako umeshuka. Kisha azima futi ya fundi cherehani upime kiuno. Sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume ni mahali pa kuanza kuchukua hatua.

Kuna wanaopima shavu la mguu kwa kulizungushia vidole. Kwa mtu mwembamba kipimo hicho kinasaidia, kwa mnene kinadanganya, kwani mafuta yanaijaza nafasi ya msuli.

Mimi huuliza pia maswali ambayo hayamo kwenye fomu. Bado unachuchumaa chooni na kuinuka bila kushika ukuta? Unafungua chupa ya maji mwenyewe? Dala dala ikisimama, unapanda au unavutwa?

Basi nianze kwa kupunguza uzito?

Kwa mtu wa miaka 40, mara nyingi ndiyo. Kwa mtu wa 65, usianze na njaa peke yake. Uzito unapopungua, sehemu yake ni misuli, na ukirudi, unarudi zaidi kama mafuta. Aliyepungua na kunenepa mara tatu anaweza kurejea kilo zilezile akiwa na misuli michache kuliko mwanzo.

Dennis Villareal na wenzake, Marekani, walichapisha mwaka 2017 utafiti wa watu 160 wanene wenye miaka 65 na zaidi. Makundi matatu yalipunguza chakula, kila moja na mazoezi yake. Wote walipungua uzito kwa kiasi kinachokaribiana. Waliotembea na kufanya mazoezi ya kuhemesha tu walipoteza asilimia 5 ya tishu isiyo mafuta, walionyanyua uzito asilimia 2, na waliochanganya asilimia 3. Uwezo wa mwili wa kufanya kazi za kila siku uliongezeka kwa asilimia 21 kwa waliochanganya, na asilimia 14 kwa makundi mengine mawili. Kutembea asubuhi ni kuzuri na usikuache, ila kwa mzee hakutoshi.

Bibi ana miaka 88. Si tumeshachelewa?

Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya mazoezi ya uzito kwa wakazi 10 wa nyumba ya wazee mjini Boston, wenye miaka 86 hadi 96. Mmoja aliishia njiani. Waliobaki, baada ya wiki 8, nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Naurudia utafiti huu kila wiki, maana watu huwakatia tamaa wazazi wao wakiwa na miaka 70.

Mazoezi gani, bila gym?

Kiti kilekile cha kipimo ndicho mwalimu wa kwanza. Simama na kuketi mara 8 hadi 12, pumzika dakika mbili, rudia mara mbili zaidi. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili kipande, au sukuma kidogo kwa mikono. Ikiwa rahisi, ketia kigoda kifupi zaidi. Ongeza kusukuma ukuta, kunyanyuka kwa vidole vya miguu huku umeshika meza, na kupanda ngazi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kidumu cha lita 5 ni kilo 5 zisizodanganya. Anza kikiwa nusu, beba kwa kila mkono hatua 20, ongeza maji kila wiki. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa wiki, ukiacha siku kati yake. Marudio mawili ya mwisho lazima yawe magumu, la sivyo msuli hauna sababu ya kujengeka.

Usizuie pumzi unaponyanyua. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au presha isiyodhibitiwa ni sababu ya kumwona daktari kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla na baada.

Nile nini?

Wazee wengi hawali protini ya kutosha, hata wanene. Chai ya rangi na maandazi mawili asubuhi, wali na mchuzi mchana, uji usiku: tumbo limejaa, msuli haujapata kitu. Wataalamu waliokaa pamoja mwaka 2013 walishauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa mtu aliyevuka 65. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15 hivi, kipande cha samaki cha gramu 100 zaidi ya 20. Dagaa ni hazina yetu. Kwa bei yake sijaona cha kuwashinda. Gawanya kwa milo yote mitatu badala ya kuweka kila kitu usiku. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila daktari wake.

Wakati wa Ramadhani?

Futari yetu ni mihogo, magimbi, viazi na tambi, wanga juu ya wanga. Weka samaki, kunde au mayai kwenye futari, na usiruke daku. Mazoezi ya kiti yanafaa saa moja au mbili baada ya kufuturu.

Na hizi sindano za kupunguza uzito? Hakuna dawa ya misuli?

Sindano kama semaglutidi na tirzepatidi zinapunguza mafuta kweli. Katika majaribio yao makubwa, kati ya robo na asilimia 40 hivi ya uzito uliopotea haikuwa mafuta. Si yote hayo ni misuli, lakini kwa mzee ambaye tayari ana upungufu, ni hasara kubwa. Anayezitumia bila mazoezi ya uzito na protini anachezea miguu yake.

Dawa ya misuli inatafutwa. Mwaka 1997 Se-Jin Lee na wenzake wa Johns Hopkins waligundua miostatini, breki ya kuota kwa misuli. Ng'ombe wa Belgian Blue wamejaa misuli kwa sababu breki yao ni mbovu. Dawa moja inayofunga milango ya breki hiyo, bimagrumabu, ilipunguza mafuta kwa asilimia 20 na kuongeza kidogo tishu isiyo mafuta kwa wagonjwa wa kisukari, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021. Ila msuli mkubwa si lazima uwe na nguvu, na hilo ndilo linalozikwamisha dawa hizi kwa wazee. Sindano za homoni zinazouzwa kwenye gym, kaa nazo mbali.

Baba amefanyiwa upasuaji. Si tumwache apumzike?

Apumzike kama daktari alivyosema, si zaidi. Katika jaribio moja la Marekani wazee wenye afya walilazwa kitandani siku 10, na wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa.

Hapa nagusa jambo la heshima. Tunampenda mzazi kwa kumkalisha. Maji analetewa, viatu anavalishwa, akitaka kuinuka vijana watatu wanaruka kumshika kwapa. Najua ni adabu, nami nililelewa hivyo. Lakini kila tunapomwinua, tunamnyang'anya zoezi. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa humfikisha mtu chini na kumtaka ainuke tena. Mgonjwa ameruhusiwa kukaa, na aitumie ruhusa hiyo. Anayeweza nusu asinyimwe nusu yake.

Yule mama wa vitenge alianza na mto juu ya kiti. Wiki ya sita tuliuondoa. Mwezi wa nne aliweka mkeka karibu na ukuta, akainuka kwa kushika kidirisha kwa mkono mmoja. Bado hajauachia ukuta, na uzito wake umepungua kilo 2 tu. Binti yake alinipigia kuuliza kama amzuie kufua mwenyewe. Nilimwambia amletee beseni, kisha akae pembeni amwangalie.